Kudhibiti mbu katika makazi ya pwani msimu wa joto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa kando ya bahari, kamati zao za usafi na wenye nyumba za mapumziko. Baadhi ni marefu kuliko mengine, kwa sababu yapo mambo yanayoeleweka kwa sentensi mbili, na yapo mengine ambayo yakielezwa nusunusu huleta hasara.

Kwa nini mbu huongezeka ghafla wakati wa joto?

Joto huharakisha kila hatua ya maisha ya mbu. Katika maji ya uvuguvugu yai huanguliwa, kiluwiluwi hukua, hugeuka pupa na kutoka akiwa mbu mwenye mabawa kwa siku 7 hadi 10, na kwa baadhi ya mbu wa vinamasi muda huo haufiki hata wiki. Katika maji baridi safari hiyohiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa kuwa jike mmoja anaweza kutaga mayai 100 au zaidi kwa mkupuo, joto likirefuka kwa mwezi mmoja tu, mbu wanaoongezeka hawahesabiki.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho. Virusi vya dengi, kwa mfano, huhitaji kwa kawaida siku 8 hadi 12 ndani ya mwili wa mbu kabla mbu huyo hajaweza kumwambukiza mtu, na joto hufupisha muda huo. Mbu anayebeba virusi wakati wa baridi anaweza kufa kabla hajawa hatari. Wa wakati wa joto huwahi.

Maji ya bahari ni ya chumvi. Mbu hawa wanatoka wapi?

Bahari yenyewe haizalishi mbu, kwa sababu kiluwiluwi huhitaji maji yaliyotulia ili apumue kwenye uso wake, na mawimbi hayampi nafasi hiyo. Mazalia yako nyuma ya ufuo: katika vidimbwi vya matope, kwenye kingo za mikoko, katika nyanda za chumvi na kwenye majani ya kinamasi ambayo maji ya kila siku hayayafikii, bali hufikiwa na bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa, peke yake.

Hapa ndipo mbu wa vinamasi vya chumvi anapotofautiana na mbu tuliyemzoea. Aedes taeniorhynchus na Aedes sollicitans wa Amerika, pamoja na Aedes vigilax wa Australia na visiwa vya Pasifiki, hawatagi juu ya maji. Hutaga kwenye tope lenye unyevu baada ya maji kupwa, na mayai hayo husubiri, hata tope likikauka, mpaka maji yarudi. Bamvua inapofurika, mayai yaliyolimbikizana kwa muda mrefu huanguliwa kwa pamoja, na baada ya wiki moja hivi mbu wengi huibuka karibu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wakazi hudai kwamba mbu wameletwa na upepo. Hawakosei kabisa, kwa kuwa mbu hawa wanaweza kusafiri makumi ya kilomita. Lakini chanzo chao ni maji yaliyofurika siku kadhaa nyuma, wakati hakuna aliyekuwa akilalamika.

Kwa hiyo kalenda ya kudhibiti mbu pwani ni kalenda ya maji. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na jedwali la kupwa na kujaa huijulisha mapema. Kamati inayokagua kinamasi siku ya pili au ya tatu baada ya bamvua huwakuta viluwiluwi wakiwa wachanga, wamejikusanya katika madimbwi machache, na bado wanakula. Kamati inayokagua kila Jumamosi kwa mazoea inaweza kufika dimbwini na kulikuta halina kitu, kwa kuwa waliokuwamo wameshapaa. Mvua kubwa hufanya kazi ileile ya bamvua, hivyo nayo iandikwe katika kalenda.

Wapo walio na mbinu za ajabu zaidi. Aedes pembaensis, mbu wa mikoko ya Afrika Mashariki, hutaga mayai yake juu ya mwili wa kaa, ambaye huingia nayo katika shimo lake lenye maji.

Je, mbu wote wanaotuuma wanatoka kinamasini?

Hapana, na imani hiyo ndiyo inayowafanya watu wakae wakiutazama mkoko kwa hasira huku pipa la uani limejaa viluwiluwi. Aedes aegypti, anayeeneza dengi, chikungunya, zika na homa ya manjano, hukulia katika vyombo vilivyo karibu na watu, na kwa kawaida haendi zaidi ya mita mia chache katika maisha yake yote. Akikuuma, alizaliwa kwako au kwa jirani yako. Wala chumvi kidogo haimzuii, kwani amepatikana akizaliana katika maji ya chumvichumvi kwenye vyombo na mashua zilizotelekezwa ufukweni.

Kumtambua anayekusumbua si kazi kubwa. Aedes aegypti ni mweusi mwenye pete nyeupe miguuni na huuma mchana, hasa asubuhi na saa chache kabla ya jua kuzama, mara nyingi kwenye vifundo vya miguu. Culex ni wa rangi ya hudhurungi, huuma usiku na hupenda maji machafu. Ndiye mwenye kueneza virusi vya West Nile na, katika nchi kadhaa za joto, matende na mabusha. Anopheles, mwenye malaria, huuma usiku na hutua akiwa ameinua kiuno juu kama aliyesimama kwa kichwa. Wapo Anopheles wanaokubali maji yenye chumvi, wakiwemo Anopheles merus wa mashariki mwa Afrika na Anopheles melas wa magharibi.

Njia iliyo rahisi zaidi ni kuchota maji ya dimbwi kwa kata na kuyamimina katika sahani nyeupe. Viluwiluwi wa Anopheles hulala sambamba na uso wa maji. Wa Culex na Aedes huning'inia kichwa chini.

Nianzie wapi nyumbani kwangu?

Anza na vyombo, na uvizungukie mara moja kila wiki bila kukosa, kwa sababu wiki moja ni fupi kidogo kuliko muda ambao mbu wengi wa nyumbani huhitaji ili wakomae. Ukichelewa siku nne, kazi yote ya wiki iliyotangulia inaweza kuwa bure.

Tazama sahani zilizo chini ya vyungu vya maua, matairi, ndoo, vifuu, vyombo vya maji ya ndege na mbwa, na mifereji ya mapaa iliyoziba kwa majani. Mifereji hiyo husahauliwa kuliko vyote, kwa kuwa haionekani kutoka chini. Kando ya bahari ongeza vyombo vya majini: mtumbwi ulioachwa wazi mvuani, boti iliyofunikwa kwa turubai lililobonyea katikati, maboya yaliyopasuka, masanduku ya samaki. Mtumbwi ulazwe kifudifudi. Turubai litegemezwe kwa mti ili maji yateremke. Boti iliyo nchi kavu ifunguliwe kizibo cha chini.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Aedes aegypti hugandisha mayai yake kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi mingi yakiwa hai. Chombo kisuguliwe kwa brashi ngumu ndani, kisha kiinamishwe au kiwekwe chini ya paa.

Vipi kuhusu tangi, kisima na shimo la maji machafu?

Tangi na kisima vifunikwe kwa mfuniko usioacha mwanya, na bomba la kutolea hewa au maji ya ziada lizibwe kwa wavu mwembamba. Mfuniko uliopasuka unaweza kuwa mbaya kuliko kukosa mfuniko, kwa maana humpa mbu kivuli na utulivu anaoutaka.

Shimo la choo na tangi la maji taka huzalisha Culex kwa wingi usioaminika. Ziba nyufa, na funga wavu kwenye bomba la hewa. Njia moja ambayo haijulikani inavyostahili ni kumimina punje ndogo za plastiki ya povu ndani ya shimo lenye maji: huelea na kutandaza zulia linalomzuia jike asitage na kumnyima kiluwiluwi hewa. Zilitumiwa Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, na mbu wa mashimoni walipungua sana. Hazifai mahali ambapo shimo hufurika, kwa sababu punje hutapakaa na kuishia baharini.

Nyumba ya mapumziko ya jirani imefungwa na bwawa lake la kuogelea limegeuka kijani. Tufanye nini?

Bwawa lenye klorini na pampu inayozunguka halizalishi mbu. Lililoachwa linaweza kuzalisha mbu wa kutosha mtaa mzima. Mwenye nyumba aombwe aliendeshe, alikaushe kabisa au aruhusu litiwe dawa ya viluwiluwi. Kulifunika kwa turubai hakusaidii, kwa kuwa maji ya mvua hukaa juu yake.

Ni dawa gani inayofaa kutiwa majini?

Inayotumiwa zaidi ni bakteria iitwayo Bacillus thuringiensis israelensis, ambayo hufupishwa Bti, na ambayo iligunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev. Kiluwiluwi huimeza pamoja na chakula, sumu yake hupasua utumbo wake, naye hufa aghalabu ndani ya saa 24. Haiwadhuru watu, samaki, nyuki wala kamba, na ndiyo sababu hupendekezwa katika vinamasi ambamo watu huvua.

Ina masharti mawili ambayo yakipuuzwa watu huisingizia dawa kwamba ni mbovu. Kwanza, pupa hali chakula, kwa hiyo ukichelewa mpaka viluwiluwi wageuke pupa, Bti haitamgusa hata mmoja. Pili, dawa ya maji au ya chenga huisha nguvu baada ya siku chache, wakati ile iliyotengenezwa kama donge la kuyeyuka polepole hudumu takriban mwezi katika maji yaliyotulia. Kinamasi kinachojazwa upya na bamvua huhitaji kutiwa dawa upya.

Ipo pia methopreni, inayoiga homoni ya mdudu na kumzuia asitoke kwenye pupa. Hii huleta malalamiko kila mara, kwa sababu viluwiluwi huendelea kuogelea siku nyingi baada ya dawa kutiwa na watu hudhani wameibiwa. Kipimo chake ni kama mbu wenye mabawa wanatoka, wala si kama viluwiluwi wanaonekana. Panapokuwa na pupa wengi, kinachobaki ni mafuta maalumu yanayotanda juu ya maji na kuwanyima pumzi. Mafuta ya gari au ya taa yasitumike kamwe: huua kila kilichomo, na maji ya kinamasi hayana kuta.

Kwa nini gari la kupulizia dawa halipiti kila jioni?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na tunaelewa sababu yake: moshi huonekana, wakati kazi ya kumwaga pipa haionekani. Lakini dawa inayopuliziwa hewani huua mbu anayeruka na kuguswa na tone lake wakati huohuo. Haimfikii kiluwiluwi, haimfikii mbu aliyejificha chini ya kitanda au nyuma ya kabati, na haibaki hewani mpaka kesho. Kama mazalia hayajaguswa, mbu wapya hutoka siku zinazofuata.

Saa nazo ni muhimu. Culex na Anopheles huruka baada ya jua kuzama, hivyo dawa ya jioni huweza kuwapata. Aedes aegypti wakati huo ameshatulia ndani ya nyumba. Upepo wa baharini ukivuma kwa nguvu, dawa hupeperushwa mbali kabla haijafanya kazi, na ni busara kuahirisha. Dawa nyingi zinazotumiwa ni za jamii ya pareto za viwandani, ambazo ni sumu kali kwa nyuki, samaki na kamba. Zaidi ya hayo, mbu wanaopuliziwa dawa ileile mara kwa mara hujenga usugu, na siku ambayo mlipuko wa ugonjwa utakuja kweli, silaha hiyo itakuwa butu. Kwa maoni yetu upuliziaji ubaki kwa ajili ya mlipuko wa ugonjwa, au kwa wingu la mbu ambalo limepimwa na kuthibitishwa, na usifanywe kwa ajili ya kutuliza malalamiko.

Yafaa kukumbuka jinsi Havana, mji mkuu wa Kuba, ilivyoondokana na homa ya manjano mwaka 1901, miaka 20 baada ya daktari Carlos Finlay kumtaja mbu kuwa ndiye mwenezaji. Nyumba za wagonjwa zilifukizwa, ni kweli, lakini kazi ya kila siku ilikuwa ya wakaguzi waliopita mlango kwa mlango wakihesabu vyombo, wakivifunika au kuvimwagia mafuta.

Si ingekuwa rahisi kukifukia kinamasi na kukata mikoko?

Ilijaribiwa. Katika miaka ya 1930 sehemu kubwa ya vinamasi vya chumvi vya pwani ya mashariki ya Marekani ilichimbwa mitaro iliyonyooka ili maji yakauke. Samaki na ndege walipoteza makazi yao, na mitaro iliyoziba ikageuka kuwa mazalia mapya. Kufukia nako mara nyingi huacha mashimo na madimbwi pembeni mwa kifusi, na pwani hubaki bila kinga dhidi ya mawimbi ya dhoruba. Mikoko iliyo na afya, inayooshwa na maji ya kila siku, haina mbu wengi. Wenye mbu ni ule uliokatiwa maji kwa barabara au kwa ukuta.

Njia inayoheshimu mahali ni kuyarudishia maji mwendo wake. Katika jimbo la Queensland, Australia, huchimbwa vijifereji visivyozidi kina cha sentimita 30, vinavyofuata mteremko wa asili na kuunganisha madimbwi yaliyotengwa na hori. Maji huingia na kutoka, samaki wadogo hufuata, na viluwiluwi huliwa. Kwingine tatizo huisha kwa kuweka kalvati kubwa zaidi chini ya barabara. Kazi yoyote ya namna hii huhitaji kibali cha mamlaka ya mazingira, na ni vizuri ipimwe na mtu anayejua mwinuko wa ardhi, kwa kuwa kosa la sentimita chache hutengeneza dimbwi lingine.

Je, samaki, popo na kereng'ende hawatoshi?

Husaidia, lakini hawatoshi. Popo hula mbu pamoja na wadudu wengine wengi, na hawachagui. Samaki wala viluwiluwi hufaa sana katika kisima, chemchemi ya bustani au bwawa lisilotoka nje, mradi wawe wa asili ya eneo lenyewe. Samaki aitwaye Gambusia alisambazwa duniani karne iliyopita kwa jina la mla mbu, na katika nchi nyingi ameishia kuwamaliza samaki wadogo na vyura wa asili.

Taa za kuua wadudu, vifaa vya sauti na mishumaa vinafaa?

Kifaa cha sauti hakimfukuzi mbu. Taa ya umeme huua wadudu wasio na hatia: utafiti uliochapishwa mwaka 1996 huko Delaware, Marekani, ulihesabu wadudu 13,789 waliouawa na taa hizo, na kati yao wenye kuuma walikuwa 31 tu. Mshumaa wa mchaichai husaidia kidogo ukikaa karibu nao na hewa imetulia. Dawa ya kuchoma ya mviringo hupunguza mbu, lakini moshi wake una chembe nyingi za kudhuru mapafu, basi isichomwe katika chumba kilichofungwa.

Feni, ambayo hakuna anayeisifu, hufanya kazi nzuri kuliko vyote hivyo. Mbu huruka kwa udhaifu, na upepo pia hutawanya hewa tunayoitoa puani, ambayo ndiyo inayomwongoza.

Nipake nini mwilini, na watoto je?

Dawa zenye DEET, pikaridini, IR3535 au mafuta ya mkalitusi wa limau yaliyosafishwa kiwandani ndizo zenye ushahidi wa kutosha. DEET ya asilimia 20 hadi 30 huwatosha watu wazima wengi kwa saa kadhaa. Kuongeza asilimia hurefusha muda wa kinga, hakuiongezei ukali. Watoto wachanga walio chini ya miezi miwili wasipakwe, bali walindwe kwa chandarua, na mafuta hayo ya mkalitusi yasitumiwe kwa walio chini ya miaka mitatu. Usipake kwenye viganja vya mtoto, kwa sababu atavitia mdomoni. Ukitumia pia mafuta ya kukinga jua, tangulia nayo, kisha yakikauka ndipo upake dawa ya mbu. Ukioga baharini, paka upya.

Permethrini, dawa ya kuua wadudu, ni ya kutia kwenye nguo na vyandarua, si kwenye ngozi. Wavu wa dirisha uwe na matundu ya takriban milimita 1.2, na utazamwe kila mwaka, kwani hewa ya chumvi hula waya haraka.

Ufukweni tunaumwa na wadudu wadogo kama vumbi. Nao ni mbu?

Huenda ni usubi, ambao hukulia katika matope na mchanga wenye unyevu wala hawahitaji dimbwi. Wavu wa mbu hauwazuii kwa sababu hupenya, na Bti kwenye madimbwi haitawapunguza. Kaa mbali na ufuo wakati wa alfajiri na magharibi siku zisizo na upepo, vaa nguo ndefu na upake dawa.

Nikipata homa baada ya kuumwa na mbu?

Nenda kituo cha afya upimwe, hasa ikiwa una maumivu makali ya viungo, kichwa au nyuma ya macho. Kabla ya kujua ugonjwa, tumia paracetamol kwa kipimo chake na uepuke aspirini na ibuprofeni, kwa kuwa kama ni dengi huongeza hatari ya kutoka damu. Lala ndani ya chandarua hata mchana: mbu akikuuma ukiwa na virusi, atavipeleka kwa wengine.

Tutajuaje kwamba juhudi zetu zinafaa?

Andikeni. Idadi ya vyombo vilivyokutwa na viluwiluwi kwa kila nyumba 100, idadi ya viluwiluwi kwa kata moja katika madimbwi yaleyale, tarehe ya bamvua na tarehe ya kutia dawa vinatosha kujaza daftari moja kwa msimu. Malalamiko ya wakazi yaandikwe pia, lakini kama dalili ya kufuatilia, si kama kipimo, kwa sababu watu hulalamika zaidi siku za sikukuu wanapokaa nje.

Msimu ukiisha tunaweza kupumzika?

Ukaguzi wa kila wiki unaweza kupungua, lakini vyombo visuguliwe kabla ya kuwekwa stoo, kwani yai lililoganda ukutani mwa ndoo litasubiri maji ya msimu ujao. Miezi ya utulivu ndiyo inayofaa kwa kuzibua kalvati, kutengeneza mifuniko na kuomba vibali, maana majibu ya vibali huchelewa na bamvua haisubiri.